Fisi Hajasema Samahani

Baba yangu alichora wanyama kwa kuwatazama watu. Hakuwa na njia nyingine. Twiga hakuwahi kumwona, simba alimjua kwa picha ya kalenda tu, lakini majirani alikuwa nao wa kutosha. Kiwanda cha uchapaji cha kanisa kilipomletea hadithi mpya ya kuchora, aliisoma mara moja, akavua miwani, akatutazama sote tuliokuwa jikoni, akauliza, "Haya. Tembo ni nani mtaani hapa?"

Na sote tulijua Tembo ni nani. Alikuwa mwalimu wa kwaya, mama mwenye mwili na huruma, ambaye akikukumbatia unapotea. Kobe alikuwa fundi saa, mzee wa kanisa, mtu ambaye hata ukimwambia nyumba inaungua angekujibu, "Nakuja." Jogoo alikuwa kinyozi. Kuku alikuwa Mama.

Vilikuwa vitabu vyembamba vya watoto wa shule ya Jumapili. Picha kubwa, maneno machache, na chini ya ukurasa wa mwisho mstari wa Biblia wa kukariri. Kobe alifundisha subira. Tembo alifundisha kubebeana mizigo. Jogoo alikuja kujua kwamba jua huchomoza hata yeye akinyamaza. Hadithi nyingine ziliandikwa na mchungaji aliyesimamia kiwanda, nyingine zilitoka mbali zikatafsiriwa, na hizo za mbali zilikuwa na vituko vyake. Moja ilikuja na bundi mwenye hekima anayewafundisha watoto kusali. Baba aliirudisha kiwandani siku ileile.

"Mchungaji," akamwambia, "nikimweka bundi juu ya paa la kanisa, Jumapili hupati mtoto hata mmoja. Na mama zao hupati."

Bundi akageuka kobe, akashushwa kutoka kwenye paa, akapewa kigoda. Kitabu kikauzika.

Baba alichorea kwenye meza ya jikoni kwa sababu nyingine hatukuwa nayo. Mama akikata vitunguu upande huu, yeye anapaka rangi upande ule, na ole wako umwage mchuzi. Bado nikinusa vitunguu vinavyokaangwa naona rangi ya maji kwenye vifuniko vya chupa, bluu, njano, na ile nyekundu iliyokuwa inaisha kila mara.

"Kuku, geuka kidogo," Baba angesema.

"Kuku anakaanga. Akigeuka vitaungua, na wewe utakula hiyo karatasi yako."

Vitabu vikifika kanisani, hakuna mtoto aliyeanza na mafundisho. Tulianza na kutafuta watu. "Huyu si kinyozi?" "Hebu ona shingo, ni yeye!" Kinyozi mwenyewe alinunua nakala akazibandika kwenye kioo cha kibanda chake. Watu wazima walianza kupita nyumbani bila sababu, wanakaa, wanageuza uso upande mzuri, wanauliza kama kuna hadithi mpya. Shemasi mmoja alisema wazi kwamba anaona ana sura ya simba. Baba alimfanya punda. Yule bwana alifurahi sana, maana alikuwa punda mwenye bidii, mpaka watoto wake walipojua kusoma.

Lakini hakuna aliyejitokeza kuwa Fisi.

Hadithi ya Fisi ilikuwa fupi. Sungura ni mjane na anaumwa. Kuku anampikia chakula, kila mnyama ametoa kitu, na Fisi anapewa kazi ya kupeleka sufuria. Njiani ananusa. Anainua mfuniko. Katikati ya kitabu kulikuwa na ukurasa usio na neno hata moja, sufuria tu, na fisi ambaye kichwa chake hakionekani. Kisha anadanganya, kisha tumbo lake linamsaliti kwa kunguruma mbele ya watu, kisha anafukuzwa. Picha ya mwisho yuko nje kwenye mvua, mlango umefungwa, wenzake wako mezani. Kitabu kiliitwa *Fisi Alamba Sufuria*, na hakuna kilichokipita kwa kupendwa.

Uso wa fisi yule ulikuwa wa Baba Mdogo.

Haikuhitaji kuambiwa. Pengo la mbele lilikuwa lake, mabega ya kuteremka yalikuwa yake, na lile tabasamu la mtu anayetaka kukuomba kitu lilikuwa lake kabisa. Wakati ule Baba Mdogo alikuwa utingo wa malori ya masafa marefu, baadaye akawa dereva. Aliporudi kutoka safari moja ndefu, akaingia kanisani, watoto wote wa madawati ya mbele waligeuka. Mmoja akasema kwa sauti, "Fisi amekuja!" Mchungaji alikohoa ili asicheke.

Baba Mdogo hakukasirika. Alicheka kicheko cha fisi, kile cha kupanda na kushuka, watoto wakaanguka chini kwa furaha. Jina likamshika. Alioa nalo. Mlango wa lori lake uliandikwa jina hilo. Alikuwa kijana, barabarani hakuna aliyemjua, na akirudi nyumbani kuna watoto wanamkimbilia. Angetaka nini zaidi?

Mimi shule ilinishinda mapema, nikaingia kiwandani kukata karatasi. Nipo mpaka leo. Mashine yangu ina kisu kirefu kama mlango, na haishuki mpaka ubonyeze vitufe viwili kwa mikono miwili, ili usije ukaacha vidole ndani. Vitabu vya Baba vyote vilipita chini ya kisu hicho. Baadaye vikaacha kuchapwa. Mchungaji alifariki, rangi zikapanda bei, watu wakanunua televisheni. Mwaka jana Mhariri wetu mpya, msichana mkali lakini wa haki, akasema watoto wa zamani sasa ni wazazi, wanapita dukani wanauliza vitabu vya wanyama. Tutavichapa upya. Tutaanza na *Fisi*.

Habari hiyo ilimfikia Baba Mdogo kabla sijamwambia. Alikuja kiwandani mchana, akasimama mlangoni mwa chumba changu akisubiri kisu kitulie. Amezeeka. Mabega yameteremka zaidi. Pengo lipo palepale, ila limepata wenzake.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

"Marahaba. Zima hiyo kitu, nina neno."

Nikazima. Akakaa juu ya mrundo wa karatasi, kitu ambacho haruhusiwi mtu kufanya, nikanyamaza.

"Nasikia mnamrudisha Fisi."

"Tunamrudisha."

"Nitoe."

"Nikutoe wapi?"

"Humo. Mwambie baba yako anitoe usoni mwa huyo mnyama. Aweke mtu mwingine. Aweke kinyozi."

"Kinyozi ni Jogoo. Na ameshafariki."

"Basi si hatalalamika?"

Nikacheka. Yeye hakucheka, na hapo ndipo nilipojua mambo si ya kawaida.

Alikuwa amestaafu, ameacha lori, amehamia kwa binti yake. Binti yake ni dada yangu, na ana mtoto mmoja wa kike ambaye sote tunamwita Kisiki, kwa sababu akikataa jambo huwezi kumng'oa. Baba Mdogo alikuwa amekaa barabarani maisha yake yote. Watoto wake mwenyewe aliwaona wakikua kwa kuruka, leo anatambaa, kesho ana ndevu. Alijiambia kwamba mjukuu hatamkosa. Alifika na begi moja na mdoli. Kisiki alimtazama usoni, akatazama meno, akaenda chumbani akarudi na kitabu. Kilikuwa kile cha zamani, cha mama yake, kimeshonwa kwa uzi mgongoni.

"Akanilinganisha," alisema Baba Mdogo. "Hivi. Kitabu, mimi. Kitabu, mimi. Kisha akachukua sahani yake akaingia chini ya meza."

"Ni mtoto. Atazoea."

"Ni mwezi wa ngapi huu? Kila mlo yuko chini ya meza. Nikipita jikoni anasimama mbele ya jiko amefungua mikono, kama askari. Juzi amelala na sufuria kitandani. Unanisikia? Kalala nayo. Mama yake kaitafuta asubuhi kupika uji, iko ndani ya shuka."

Nilijizuia kucheka, nikashindwa.

"Cheka tu," alisema. "Wewe wako wanakuita baba. Mimi mjukuu ninaye mmoja, na hajawahi kunipa hata mkono. Namwambia mimi ni babu yako, ananiambia, 'Fungua mdomo.' Kitabu kikitoka kipya, watoto wa mtaa mzima watakuwa nacho. Hapo nimekwisha."

"Mimi nakata karatasi, Baba Mdogo. Sichori."

"Lakini baba yako anakusikiliza."

"Tangu lini?"

Lakini jioni hiyo kwenda tulikwenda.

Baba alikuwa sebuleni karibu na dirisha, akitafuta mwanga. Macho yamechoka, mkono bado uko imara. Picha za asili za *Fisi* alikuwa amezishusha kutoka juu ya kabati ili Mhariri aje kuzichukua, zimepangwa mezani, kingo zimekuwa za manjano. Baba Mdogo alisimama akazitazama zote bila kuketi, kama mtu aliyeitwa kutambua mwili. Kisha akasema aliyokuja nayo.

"Sikukuchora wewe," Baba alisema. "Nilichora fisi."

"Kaka, mbwa wa mtaa huu wanajua ni mimi."

"Fisi ni fisi."

"Muulize pengo alilitoa wapi," Mama alidakia kutoka jikoni. Kuku yule hajawahi kukosa neno.

Baba alivua miwani. Aliipangusa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Wengine wote walisimama pale," akasema, akaonyesha mlango wa jikoni. "Kinyozi alisimama. Mke wangu alisimama. Fisi hakuna aliyetaka. Na wewe ulikuwa umeondoka na lile lori bovu, hatujui uko upande gani wa dunia, hakuna salamu, hakuna nini. Nikianza mdomo, unakuja wako. Nafuta, unakuja tena. Karatasi ikaanza kutoboka. Nikasema basi, akae."

Jikoni kijiko kilitulia.

"Ungenikalisha kwenye Tembo," alisema Baba Mdogo hatimaye, sauti imeshuka.

"Tembo kwa mwili gani? Ulikuwa kama ufito."

Wakacheka wote wawili, kicheko kilekile, nikakumbuka kwamba ni ndugu. Lakini Baba Mdogo alikuwa dereva, na dereva hasahau alikuwa anakwenda wapi. "Nimekuelewa, Kaka. Lakini mtoto analala na sufuria."

Baba akakubali kujaribu. Akasema atachora fisi asiye na mtu ndani yake, na Jumamosi dada yangu amlete Kisiki aone.

Jumamosi walikuja. Kisiki aliingia amekumbatia kitabu chake kwa mkono mmoja na mfuko wa plastiki wenye andazi kwa mkono mwingine. Alipomwona babu yake yuko kwenye kochi, alilizungusha lile andazi nyuma ya mgongo.

"Shikamoo, Babu Mkubwa. Shikamoo, Bibi. Shikamoo, Mjomba," akasema kwetu. Kisha akamtazama Baba Mdogo. "Na wewe."

"Marahaba," alijibu Baba Mdogo kwa unyonge. Alichukua alichopewa.

Baba alimwita mezani akamwonyesha fisi mpya. Alikuwa amemfanyia kazi wiki nzima. Masikio mazuri, madoa mazuri.

"Huyu nani?"

Kisiki aliinamisha kichwa. "Mbwa."

"Mtazame vizuri."

"Mbwa."

Baba akatoa wa pili. Huyu alikuwa amempa mgongo wa kuteremka na meno zaidi.

"Na huyu?"

"Mbwa mwenye homa."

Mama alilazimika kurudi jikoni. Baba, ambaye amechora maisha yake yote na hajawahi kuambiwa hivyo hata na mchungaji, aliirudisha penseli kwenye kikombe taratibu. Kisiki alianza kupekua karatasi mezani, wasiwasi umemwingia. "Fisi mwenyewe yuko wapi? Mmempeleka wapi?"

"Humtaki si ndiyo?" nilimuuliza. "Unamwogopa."

"Simwogopi!"

"Sasa kwa nini unaingia chini ya meza?"

Alinitazama jinsi watoto wanavyomtazama mtu mzima aliyechelewa darasa. Akafungua kitabu kwenye ukurasa wa mwisho, ule wa mvua, akaweka kidole juu ya fisi.

"Hajasema samahani."

"Nani?"

"Huyu. Mwalimu wa Jumapili amesema ukikosea unatoka nje, unasema samahani, ndipo unarudi mezani. Huyu ametoka tu. Hajasema." Akafunua jalada la nyuma, akatuonyesha kwamba hakuna kinachofuata ila orodha ya vitabu vingine. Akamgeukia babu yake. "Amekuja kwetu, amekaa mezani, na hajasema! Atakula tena."

Nimefanya kazi kwenye kiwanda cha kanisa tangu ndevu hazijaota. Kitabu kile nimekikata maelfu. Sikuwahi kukiona hivyo. Nilimtazama Baba, Baba akamtazama Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko.

"Lakini alisema," Mama alisema. "Fisi alisema samahani. Mimi si nilisimama hapa na sufuria mpaka mkono ukafa ganzi, nikichorwa nampokea? Yule Fisi amepiga magoti! Picha ile ilikwenda wapi?"

Baba akajipiga paji la uso.

"Ukurasa wa kumi na saba," alisema.

Nilielewa kabla hajamaliza, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Kitabu kile ni karatasi moja kubwa. Unaikunja mara tatu, unapata kurasa kumi na sita, ninakata kingo, basi. Kumi na saba haiwezekani. Ukitaka kumi na saba unaongeza karatasi nyingine, na wakati ule karatasi ilikuwa shida. Mchungaji na Baba walikaa wakatafuta ukurasa wa kutoa. Wa mwanzo hautoki, una jina la kitabu. Kuku anapika, lazima. Sungura anaumwa, lazima. Na ule wa kichwa ndani ya sufuria? Wafanyakazi wote waliuona wakacheka mpaka machozi. Mchungaji akasema huo ndio utakaouza. Ikabaki picha ya mwisho kabisa. Akasema watoto wataelewa wenyewe kwamba alitubu.

"Yaani mliacha dhambi mkatoa toba," Mama alisema, "ili karatasi itoshe. Kanisa zima!"

"Mchungaji alisema wataelewa," Baba alijitetea.

"Mimi sikuelewa," alisema Kisiki.

Picha yenyewe ilikuwa imepotea siku nyingi. Baba alivuta karatasi safi, akachukua penseli. Hakumwuliza mtu. Alisema tu, "Kuku, lete sufuria usimame pale. Na wewe, mdogo wangu, safari hii upo. Piga magoti."

"Magoti yangu, Kaka? Haya ya miaka yote ya klachi?"

"Piga."

Baba Mdogo alishuka kwenye kochi kwa hatua tatu, kama lori linalorudi nyuma kwenye kona mbaya. Akapiga magoti kwenye saruji mbele ya Mama. Mama alishika sufuria kifuani. Kisiki aliingia chini ya meza, lakini alikaa ukingoni, kichwa nje.

Penseli ikaanza kukwaruza. Ilikuwa sauti ya utotoni mwangu, na kwa muda sikutaka mtu aseme neno. Mwanga wa dirisha ulikuwa ule wa mchana unaoelekea kuisha. Vitunguu vilikuwa jikoni. Baba alikuwa anamtazama mdogo wake, anaangalia karatasi, anamtazama tena, na safari hii hakufuta.

"Mbona hasemi?" Kisiki aliuliza kutoka chini ya meza.

"Ni picha tu, mama," dada yangu alimwambia. "Wanachora."

"Mbona hasemi?"

Baba Mdogo alikohoa. "Samahani," akasema.

"Kwa nani? Mwalimu anasema useme kwa nani na kwa kosa gani."

"Samahani, Kuku. Nilikula chakula cha Sungura."

"Chote?"

"Chote. Na sufuria nikalamba."

Kisiki alikuwa anapima. Lakini Mama hakuwa amemaliza. Alimtazama shemeji yake pale chini, akasema taratibu, si kwa sauti ya kuku, "Na ile ya wazazi wangu?"

Hiyo ilikuwa nyama ya zamani sana. Mwaka Mama alipoolewa, wazazi wake walikuja kumtembelea kwa mara ya kwanza. Aliazima sufuria, akapika nyama, akaenda kuoga. Aliporudi kulikuwa na mchuzi na mfupa. Baba Mdogo, ambaye alikuwa anaishi nao, alisema ni paka. Wazazi walikula mboga. Baba Mdogo aliondoka na lori muda si mrefu baadaye. Kila sherehe ya ukoo habari ya paka huyo hurudiwa, na watu hucheka, na Mama hucheka nao.

Sasa hakucheka. Baba aliacha kuchora.

Baba Mdogo alitazama sakafu. "Shemeji," alisema, "haikuwa paka."

"Najua."

"Nilionja kipande. Kisha kingine. Nilikuwa na njaa ya ujana. Nilikuaibisha mbele ya mama yako. Nisamehe."

"Nilijua siku ileile," Mama alisema. "Paka gani anarudisha mfuniko?" Kisha akahamisha sufuria kwenye mkono mmoja, akamshika bega kwa mkono mwingine. "Nimekusamehe, shemeji. Inuka. Ila usiinuke kwanza, kaka yako hajamaliza masikio."

Picha hiyo Mhariri aliipenda. Alisema ndani ya jalada la nyuma tulikuwa tunaweka orodha ya vitabu vingine bure tu, orodha ikae nje, Fisi apige magoti ndani. Hatukuongeza karatasi. Mtu angeweza kuliwaza hilo zamani, lakini hakuna aliyeliwaza. Uso ni uleule na pengo ni lilelile. Baba Mdogo hakuomba tena libadilishwe.

Lakini hayo ni ya baadaye. Jumamosi ile Mama alipakua nyama na viazi. Tukakaa. Kisiki alichukua sahani yake, akasimama nayo, akatazama chini ya meza, akatazama kiti kilichokuwa wazi karibu na babu yake. Hakuna aliyemhimiza. Kisiki haking'oki kwa kuvutwa.

Alikaa kwenye kiti. Akaweka kiganja juu ya nyama yake, akakiacha hapo.

"Kula," alimwambia babu yake. "Cha kwako."

"Nakula cha kwangu," alisema Baba Mdogo. Na alikula hivyo, macho kwenye sahani yake, kama mtu anayefanya mtihani wa leseni. Tuliongea mambo mengine. Baba alilalamika kuhusu penseli za siku hizi. Dada yangu aliomba chumvi. Kisiki alikula viazi kwa mkono mmoja, mkono wa pili kwenye ulinzi, na kila mara alimtupia jicho anavyotafuna.

"Hilo pengo linauma?" aliuliza ghafla.

"Haliumi."

"Chakula hakitoki?"

"Kikitaka kutoka nakizuia kwa ulimi."

"Nionyeshe."

Baba Mdogo aliweka kijiko chini, akamgeukia, akafungua mdomo wote, mzee mzima, mbele ya familia. Kisiki alisogea karibu zaidi. Hakuona vizuri. Akapanda magoti juu ya kiti, akaondoa mkono kwenye nyama, akamshika babu yake kidevu ili aanze kuhesabu meno.